Nipe Mji
Mwantumu anasinzia mchana kweupe, kichwa juu ya sanduku lisilokubali kufungika, katika chumba cha bweni mjini Lublin, ughaibuni, na kesho ndiyo siku ya kurudi kwao Muheza. Masomo ya udaktari wa mifugo ameyamaliza, na furaha ingekuwa kamili kama si simu ya jana, pale bibi yake aliyemlea alipomsikiliza kisha akauliza: Samahani, naongea na nani mwenzangu? Bibi asiyesahau hata majina ya mbuzi waliokwisha kuliwa. Neno hilo limemchoma, analala nalo, na kope zinaposhikana sanduku linafunguka upande wa pili, naye anapita humo kama mtu apitaye uani kwa jirani.

Anatokea barabarani, michungwa ya Muheza huku na huku, ila machungwa yamevikwa theluji, na kila akikata kona anakuta mji uleule umegeuzwa kama kwenye kioo: soko la Muheza lina mnara wa saa wa Lublin, duka la mikate la Lublin linauza vitumbua, na barabara inarudi ilikotoka, inaanza upya. Mbele yake anatembea mtu aliyejitanda kanga, na anapogeuka hana uso, ni laini tupu kama sahani iliyooshwa. Mwantumu anaogopa, lakini malezi ni malezi. Shikamoo. Marahaba, anajibu asiye na mdomo, wapi mwanangu? Natafuta njia ya nyumbani. Kitendawili, anasema yule. Tega, anajibu Mwantumu bila kufikiri, kama alivyomjibu bibi wakipukuchua mahindi. Kaenda mmoja, wamerudi wawili, kitanda kimoja kinawatosha. Mjamzito, anabahatisha Mwantumu. Siyo. Mtu na kivuli chake. Karibu, lakini siyo. Basi umeshindwa, nipe mji. Hapo anakwama. Kwa bibi miji ilikuwa ya bure, alimgawia Tanga nzima na Mombasa juu yake, na kesho yake ipo palepale. Hapa anafungua kinywa kusema Lublin, taa za mji huo zinaanza kuzimika, na katika taa hizo limo zizi alimozalisha ndama wake wa kwanza kwa mikono yake, analimeza neno. Anataka kusema Muheza, michungwa inapukutika, harufu ya jiko la bibi inafifia. Machozi yanamtoka. Siwezi, anasema, yote miwili ni yangu. Mji ni mji, anasema yule, hata usio na jina. Ndipo anapoukumbuka wa tatu: chumba chake cha mwaka wa kwanza, mapazia yamefungwa, yeye akila mkate mkavu kitandani kwa kuona haya kuingia jiko la wote na lugha yake ya kuvunjikavunjika. Alikaa humo hadi akawa mwenyeji. Nakupa huo, anasema, mji wa woga, pamoja na mapazia yake. Nimeupokea, anasema asiye na uso. Nimekwenda, nimefika, nimekuta wenyeji wamehama, nimekula mkate wao wote. Sasa sikia jibu: ni wewe. Aliyeondoka ana haya, aliyerudi hana, wala hawagombani. Mwantumu anacheka, kisha anakumbuka. Mbona bibi hakuijua sauti yangu? Uliondoka na sauti ndogo, mwanangu. Hii mpya naye ataizoea, mpe nafasi.

Anafumbua macho. Zipu ya sanduku imemchora shavuni. Dirishani kuna mwanga mweupe, huenda ni kiangazi cha Lublin, huenda ni jua la Muheza likipiga bati, na jikoni kuna kitu kinakaangwa, na hajui kama ameshasafiri au bado. Naongea na nani mwenzangu? inauliza sauti ya bibi, karibu mno, haijulikani kama imo kwenye simu au iko nyuma ya mlango. Ni mimi, bibi, ni Mwantumu, anajibu kwa sauti yake hii kubwa, na anainuka kwenda kufungua.