Nafasi Yenye Mwenyewe

Tangazo lilipobandikwa kwenye lango la chuo kikuu, mtaa mzima ulijua kwamba nafasi ile ya msaidizi wa maktaba ina mwenyewe. Masharti yalijieleza: ajue Kigiriki, tena awe na leseni ya udereva.

"Leseni, maktabani?" Plamen, fundi umeme aliyeishi ghorofa ya chini ya kina Iskra, alicheka hadi kahawa ikammwagikia. "Kwani vitabu vina usukani? Iskra, hilo limeshonwa kwa vipimo vya mtu. Mpwa wa mkuu wa kitivo, niamini mimi."

Iskra hakucheka. Duka alilokuwa akiuza viatu lilikuwa limefungwa. Kigiriki alikiokota Thesaloniki akitandika vitanda vya watalii, na leseni alikuwa nayo. Lakini kilichomvuta zaidi ni mstari wa marupurupu: mfanyakazi na familia yake wana chumba katika nyumba ya mapumziko ya chuo, Bahari Nyeusi. Kiwanda cha mama yake, Stanka, kilikuwa na nyumba kama hiyo, kabla hakijafa na nyumba kuuzwa. Tangu hapo mama huitazama bahari kwenye televisheni, akiwasuta waogeleaji kwamba hawajui kuogelea.

Akaomba. Siku ya usaili alikuta benchi tupu, akadhani amekosea siku.

"Umekuja wewe tu, binti," mkutubi mkuu alisema, miwani puani, miwani nyingine kichwani. "Mpwa wa mkuu wa kitivo kasusa. Kasikia nafasi ni ya binti wa mhasibu. Na binti wa mhasibu kasikia ni ya mpwa."

"Na leseni ya nini, mama?"

"Tawi la mlimani nani atalipelekea vitabu? Mimi na magoti haya?"

Akaipata. Plamen akamsubiri kwenye ngazi. "Kumbe ni wewe! Na ulivyojifanya mnyonge! Mtu wako nani, wizarani?"

"Sina mtu."

"Ndivyo wasemavyo wenye watu."

Julai ikawakuta kwenye roshani ya nyumba ya mapumziko, mama kanyoosha miguu, anakula tikiti kwa jibini jeupe, bahari iko mbele yake bila kioo.

"Majirani nimewaambia una mjomba wizarani," akasema.

"Mama! Ya nini?"

"Niwaambie huna mtu? Wangetuonea huruma."

Iskra aliacha mbegu za tikiti zikauke mkononi.

Vuli ilipoingia, chuo kikatangaza nafasi ya fundi umeme. Akampelekea habari Plamen, ambaye wiki ile hakuwa amepata hata swichi ya kutengeneza.

"Ya nani hiyo?"

"Haina mwenyewe. Omba."

"Hayo kawaambie wageni."

Iskra alilikumbuka lile benchi tupu. Akatazama ngazi, juu na chini, akashusha sauti.

"Basi usimwambie mtu. Mjomba ameshaongea nao. Ni yako."

Asubuhi yake Plamen alikuwa langoni mwa chuo, kanyoa ndevu.