Paroko Asogee Mbele

Kengele ililia mara mbili, ikasita, kisha ikalia mara ya tatu kama mtu aliyesahau kitu akarudi mlangoni. Padri mstaafu aliisikiliza akiwa amefumba macho. Miaka ishirini na sita kengele ile ilimwita yeye. Leo ilimwita mwingine.

Alipofumbua macho, maandamano yalikuwa yanapita: kwaya, mapadri wa parokia za jirani, kisha paroko mpya, jasho limemjaa puani, na askofu nyuma yake. Paroko huyo aliwahi kuwa msaidizi wake. Enzi hizo kijana alihubiri dakika arobaini, mpaka waumini wakamsihi mzee, waliyemwita Dakika Saba, amfundishe kukaa chini.

Mzee alikuwa benchi la pili, ubavuni mwa dada yake. Mikono yake ilitetemeka siku hizi, naye hakutaka kushika kikombe mbele ya watu. Alitamani jambo moja tu: kuzeekea hapa, katika chumba cha uani kwa dada, barabara ikivukwa tu ni kanisani. Dada hakutaka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema. Watu watapita mlango wa nyuma kuja kwako, mwenzako abaki na viti vitupu. Kaka akajibu kwamba yeye fahali gani, hata pembe hana. Dada akasema fahali mzee ndiye mbaya zaidi, maana zizi lote analijua.

Wakapatana. Akiweza kukaa kwenye benchi kama muumini wa kawaida misa nzima, atabaki. Akishindwa, saa tisa gari litampeleka kwenye nyumba ya mapadri wazee, mwendo wa siku nzima. Mizigo ilikuwa imeshafungwa.

Alijitahidi. Maneno ya padri yalipomjia kinywani aliyameza, akaitikia pamoja na watu. Dada akaanza kulegea.

Ndipo askofu akainua ufunguo wa tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi, ambao hukabidhiwa paroko mpya.

"Paroko asogee mbele."

Na mzee akasimama. Miguu haikumuuliza. Alikuwa ameshafika katikati ya njia aliposikia kanisa limenyamaza, na huko nyuma mtu akacheka, akakatiza kicheko kwa kikohozi. Dada alifunika uso. Mzee alibaki pale, hana mbele, hana nyuma, masikio yakimwaka moto.

Mkono ukamshika chini ya kiwiko. Alikuwa paroko mpya.

"Usigeuke, Baba," alinong'ona. "Miguu yangu ilikuwa imegoma. Sasa imepata wa kumfuata."

Wakaenda pamoja. Askofu akamtazama huyu, akamtazama yule, akauweka ufunguo katika kiganja cha kijana. Mzee alikuwa amejiandaa kuumia. Badala yake alihisi kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani, shingo ikainuka yenyewe. "Asante," alisema, asijue anamwambia Mungu, askofu, au mkono ule uliokuwa bado haujamwachia.

Baada ya misa, katika sakristia, dada alisema kwamba fahali amevunja zizi mchana kweupe. Mzee hakubisha. Mapatano ni mapatano. Aliuliza tu kama koti lake limo kwenye sanduku.

Paroko mpya, akivua mavazi ya misa, aliwasikia. Alichukua daftari la wagonjwa wa kutembelewa majumbani kutoka kabatini, akamfungulia dada. Majina thelathini na moja, mwandiko wa mzee, kama wa kuku aliyekanyaga wino. Alisema kwamba hata angeweza kuyasoma yasingemfaa kitu, kwa kuwa hajui nani kiziwi na nani anajifanya kiziwi, wala nani hamfungulii mgeni hata akija na malaika. Akamwomba dada amwazime kaka yake.

"Na akisahau tena?" dada aliuliza. "Akitangulia tena mbele yako?"

Paroko alimgeukia mzee. Swali halikuwa lake, na alilijua hilo.

Nje watu walikuwa wanacheka, wanaitana. Mzee alimtazama dada yake, kisha akaushika mkono wa paroko kwa mikono yake yote miwili, ikitetemeka, wala hakuificha.

"Jumanne asubuhi nitakupitia," alisema. "Kila nyumba nitabisha mimi, utaingia wewe. Nami nitakaa nje mpaka uniite."