Paka wa Stoo ya Mashuka

Mpiga pasi wa nyumba ya wageni aliamka vizuri. Hasira alizikuta kazini. Meneja alikuwa ameweka sahani ya samaki wenye sumu ya panya kwenye meza ya ofisi yake, na kutangaza kwamba ikifika saa sita mchana paka wa stoo ya mashuka atakuwa marehemu.

"Ana kichaa yule," alisema. "Watu watatu ndani ya wiki moja! Leo kamtafuna mlinzi."

Mlinzi, waliyemwita Kamanda kwa jinsi alivyopenda amri, alikuwa benchini na leso mkononi, damu imeshaipenya. Kidonda alikuwa amekipaka mafuta ya taa! Mpiga pasi alimkokota hadi bombani.

"Osha kwa sabuni, maji yatiririke. Robo saa nzima, usinidanganye."

"Dada, si jino la paka tu hili?"

"Jino la paka linaingia kama sindano na uchafu unabaki ndani. Ukimaliza, shika njia mpaka zahanati. Waambie umeng'atwa na paka wa mtaani, wakupe chanjo ya kichaa cha mbwa."

Kamanda akaenda. Mpiga pasi akamwomba meneja saa moja tu, akapewa pamoja na kicheko.

Kilichomkera ni kwamba yeye aliingia stoo ile mara kumi kwa siku na hajawahi kuparuzwa hata ukucha. Nani alijiuliza kwa nini? Hakuna. Kumwita mnyama kichaa ni kazi nyepesi, haihitaji hata kuinama.

Aliuacha mlango wazi, akafungua na dirisha, ili paka aone pa kutokea. Hakumfuata. Aliketi sakafuni, akampa ubavu, asimkazie macho. Chini ya rafu ya mwisho paka alikuwa amelaza masikio, mboni zimemtanuka, manyoya yamesimama, anafoka. Mpiga pasi akatulia mpaka mguu ukafa ganzi. Polepole yale masikio yakainuka, na paka akajilaza. Matiti yalikuwa yamejaa. Nyuma yake, ndani ya foronya iliyodondoka, vitoto vinne ambavyo havijafumbua macho vikajivuta kuelekea maziwa.

Machozi yakamlenga, na aibu kidogo, maana foronya ile alikuwa amemlaumu dobi kwa kuipoteza.

"Ni mzazi, bosi," alimwambia meneja. "Ana watoto wanne. Tuhamishe mashuka, tumwache kwa sasa, tusimshike. Watoto wakiacha kunyonya tutawaita watu wa mifugo, wana mitego yao."

Meneja akatazama saa. "Kumbe wako watano? Basi niongeze samaki."

Mpiga pasi alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Mtu mzima, baba wa watoto, anasema hivyo na meno nje!

"Huna haya, bosi," alisema, akaenda kusimama mlangoni mwa stoo. "Utanipita mimi kwanza."

"Unataka kumwaga unga kwa ajili ya paka?"

"Nifukuze uone nani atapiga pasi mashuka ya wageni wako leo."

Meneja alishaibeba sahani Kamanda aliporudi, mkono umefungwa bandeji nyeupe.

"Afadhali umekuja! Mweleze huyu mama jinsi mnyama alivyokurukia bila sababu."

Kamanda alimtazama meneja, akamtazama mpiga pasi, akajikuna shingo kwa mkono mzima.

"Sababu ilikuwepo, bosi. Ulituamuru tumfukuze, lakini tufunge mlango kwanza asije akakimbilia jikoni. Wale wenzangu wawili walifunga. Na mimi nikafunga, nikabana na dirisha, nikamsogelea konani na fagio. Sasa nilitaka apite wapi?"

Meneja aliitazama sahani mkononi mwake.

"Hata mimi ningeng'ata," Kamanda alisema, akamnyang'anya ile sahani, akaenda kutafuta jembe la kuifukia.