Vumbi la Masufuria

Tarsis alihudhuria semina ya usalama ya siku moja, akarudi na cheti, akakitundika juu ya meza yake. Tangu hapo hashauriki. Alikuwa msimamizi wa karakana ya masufuria huko Msimbazi, na Severa, aliyeng'arisha masufuria hayo kwa miaka tisa, alilazimika kumwita bosi bila kucheka.

Vumbi la alumini lilitanda kila mahali: kwenye boriti, kwenye feni, hata kwenye nyusi. Jumatano moja Geeta, mwenye karakana, akapiga simu kwamba anakuja na wateja. Tarsis hakuhangaika na fagio. Aliburuta kompresa, akaanza kupuliza boriti, na vumbi likashuka kama ukungu mpaka watu wakawa hawaonani.

"Bosi, zima hiyo!" Severa alisema. "Awadhi anakata chuma pale, cheche zinaruka. Vumbi hili likiwa hewani linalipuka. Nilikofanya kazi kwanza lilimbabua mwenzangu uso mzima."

"Alumini inawaka, dada? Sasa huko nyumbani unapikia nini?"

Akacheka peke yake. Severa alikwenda ukutani akashusha swichi kuu. Kompresa ikanyamaza, na grainda ya Awadhi nayo ikanyamaza. Tarsis alikuwa bado anabwata kuhusu nidhamu kazini pale cheche iliyokwisha kuangukia rundo la vumbi sakafuni ilipoliwasha, ukazuka moto mweupe unaoumiza macho. Mtaalamu wa cheti akadaka ndoo ya maji.

"Siyo maji! Yanauchochea!"

Severa aliipiga ndoo teke. Chini ya benchi lake alikuwa ameweka debe la mchanga mkavu, ambalo Tarsis alipenda kuliita choo cha paka. Aliumwaga polepole kuzunguka moto, kisha juu yake, mpaka ukafa.

Geeta alipoingia na wateja wake, Tarsis alikuwa wa kwanza kusema. "Tumeudhibiti, mama."

"Wewe na nani?"

Awadhi akamnyooshea Severa kidole.

Siku hiyohiyo grainda ilihamishiwa uani na kompresa ikafungiwa stoo. Geeta akaagiza vumbi lifagiliwe kila jioni kwa brashi laini, kabla halijarundikana. Boriti za kwanza alipewa Tarsis.

Alipanda ngazi akinung'unika. Severa alimshikia ngazi kwa mikono miwili, siyo kwa huruma. Mtu yule akianguka na brashi yake, vumbi lote litaruka tena.