Kilendwe cha Fundi

Kazi, kazi! Mwaka mzima binti hakupata nafasi ya kumwona baba yake. Alikuwa mtafiti kwenye ofisi ya kamusi: neno limetoka wapi, zamani lilimaanisha nini, sasa linamaanisha nini. Baba, fundi cherehani mstaafu, akipiga simu huambiwa, "Nitakuja, baba, Mungu akipenda." Haji ng'o.

Ofisi ilipotaka maneno ya mafundi wa zamani, ndipo akafika, kinasa sauti mkononi. Mzee alifurahi hadi akatafuta miwani chini ya meza, na miwani yenyewe iko usoni. Akataja yote aliyoyajua. Yalipokwisha, binti akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mbona mapema, mama? Lipo jingine, limenitoka tu. Njoo Jumamosi."

Jumamosi likapatikana, na Jumamosi iliyofuata jingine. Moja lilikuwa kilendwe: kitambaa cha akiba anachokikunja fundi ndani ya mshono, ili mtoto akikua nguo iongezwe. Binti alilipenda mno. Akalitafutia na asili, akaipata, maana hawa watu wa asili za maneno hawakosi kitu. Bosi akampongeza mbele ya wenzake.

Kumbe! Mwenzake alizunguka kwa mafundi wengine kuhakikisha, na wote wakatikisa kichwa. Maneno ya Jumamosi hakuna aliyewahi kuyasikia. Bosi akaamuru yafutwe, na binti akayafuta kwa mkono wake, wenzake wakichekea pembeni.

Jioni hiyo alifoka tangu mlangoni. "Baba, umenivua nguo ofisini! Uliyatunga?"

"Niliyatunga."

"Kwa nini, jamani?"

Mzee alipapasa ukingo wa meza. "Ya kweli yaliisha siku ya kwanza, mama. Ningekuitia nini tena?"

Maneno yalimchoma, lakini hasira ilitangulia. Akaondoka, akisema atarudi akitulia. Simu ya jirani ndiyo iliyomtuliza: mzee ameanguka bafuni, hatunaye tena. Laiti jioni ile angekaa hata akanywa chai! Hilo ndilo alilolilia kuliko kifo chenyewe.

Baada ya mazishi alikuwa akifagia chumba cha cherehani, jirani akabisha hodi, mkononi gauni dogo la shule.

"Pole, mwanangu. Naona haya kukusumbua leo. Hili fundi alimshonea mjukuu wangu, sasa limembana. Juzijuzi alinihakikishia ameacha kilendwe. Hebu nitazamie."

Binti alisimama na ufagio wake. "Umesema ameacha nini?"

"Kilendwe. Si ndivyo mnavyokiita nyinyi mafundi? Na mashoga zangu wote siku hizi wanakiulizia."

Alichukua mkasi wa baba yake, akakaa kwenye kiti chake, akafumua mshono taratibu. Kitambaa kilikuwemo, kimekunjwa vizuri, bado kipya.

"Kipo?" jirani akauliza.

"Kipo, mama," akajibu, machozi yakimwagikia gauni. "Ameacha kingi."