Mpira Usiotiwa Poda

Dada yangu ni fundi cherehani, na mkono wake wa kulia ni wa bandia. Kwenye vidole vyake nimebandika ukanda wa mpira unaopitisha umeme: akishika kitambaa mpira unabonyea, umeme unabadilika, mkono unajua ukaze kiasi gani. Sindano ikiuchana, mkono unakufa ganzi. Na sindano haina adabu.

Ndiyo maana kwa miezi saba nilikuwa maabara nikipika mpira wa kujiponya. Ukikatika, mtu anazibana kingo zake, nao unashikana wenyewe na umeme unapita tena. Wangu ulikuwa na kichwa kigumu. Vipande kumi na kimoja nilivikata, vyote vikabaki vimekatika, na mkuu wa maabara akasema cha kumi na mbili ndicho cha mwisho. Dada naye alishaanza kutafuta wa kumuuzia cherehani. Niliposikia hilo chakula kilinishinda.

Asubuhi moja dada alipokuja kupimwa vidole, alinikuta nikiunyunyizia poda ukanda mpya, kama tulivyofundishwa na baba kwenye karakana yake ya kuziba pancha.

"Poda ya nini?"

"Mpira usigandane. Umesahau kazi ya baba?"

"Sijasahau." Akanitazama. "Lakini huu si unataka ugandane?"

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Kila nilipokata, mkasi uliburuta poda hadi ndani ya kidonda, halafu nikaulaumu mpira.

"Utajilaumu saa nzima?" dada akauliza. "Pika mwingine. Huu hujaukata, hauhesabiwi. Sitoki hapa."

Nikapika. Nikaulaza kati ya karatasi za plastiki, nikaosha mkasi, nikanawa hadi viwiko. Tulipoufunga kwenye kidole, dada aliukata mwenyewe kwa mkono wake mzima, bila kupepesa macho, na kidole kikalegea. Akazikutanisha kingo, akazibana. Mkuu wa maabara akaja, akatazama saa, akaondoka, akarudi. Niliogopa, sifichi.

Alasiri dada akaziachia kingo. Kidole kikatulia kidogo, kisha kikajikunja taratibu, kikakamata pindo la koti langu la kazi lililokuwa limefumuka. Akalivuta kwake.

"Vua," akasema. "Utatembeaje hivi, na ndugu yako ni fundi?"

Nikavua.