Watu Waliosimama Nyuma ya Bosi

Kila Ijumaa alasiri, watu wakisharudi msikitini na kanisani, ukumbi wa kulia wa kambi ya walinzi kule Sanaya, mtaa wa viwanda wa Doha, ulijaa wanaume waliokuja kumsikiliza Harun. Sinema ilikuwa kisingizio tu. Wengi walikwisha kuiona, ila sauti ya Harun ndiyo iliyowatoa vitandani. Kabla ya kuja Qatar kuwa mlinzi, alikuwa msimulizi kwenye kibanda cha video huko Kariobangi. Sauti ya filamu inapunguzwa, yeye anaingia kati, anawasemesha Wazungu Kiswahili cha mtaani mpaka unaapa walizaliwa Nairobi.

Alipenda zaidi filamu za majambazi wa zamani wa Marekani, wale wa kofia pana na magari marefu meusi. Bosi wa genge akitokea mlangoni, Harun alinguruma, "Mwenye mji kafika! Kohoeni kwa adabu!" Na ukumbi mzima ukakohoa kwa pamoja, watu wakijishika mbavu kwa kicheko.

Aliyecheka kuliko wote ni Fabian. Huyu naye alitoka Kenya, akaja kuwa mlinzi kama wao, akapanda hadi kuwa supavaiza wa kupanga nani alinde wapi. Na maisha yao yote yalikuwa kwenye kupangwa huko. Kulinda duka kule Al Sadd, katikati ya mji, ndani ya kiyoyozi, ni kazi. Kusimama langoni pa ujenzi Al Wakrah mwezi wa Agosti ni kesi nyingine. Aliyempa Fabian "chai" kila mwezi alipata kivuli, asiyempa akapata jua. Asubuhi alipanda basi na orodha yake, akasimama mlangoni na kutamka, kwa sauti aliyoiiga kwa Harun, "Mwenye mji kafika!" Watu wakakohoa. Harun pia alikohoa, na kwa muda mrefu aliona fahari kuigwa.

Kisha yakamkuta Job. Job alilala kitanda cha chini ya Harun, baba wa watoto wawili, mtu mpole, lakini chai alikataa kutoa. "Jasho ni langu," alisema. "Huyo namlipa kwa lipi?" Akapangiwa Al Wakrah wiki saba mfululizo. Wajenzi walipumzishwa saa za jua kali, lango halikupumzishwa. Wiki ya saba dereva wa lori alimkuta amelala kwenye changarawe, midomo imepasuka, hajui anaitwa nani. Hospitalini walisema figo zimeumia.

Harun alikwenda kumwona pamoja na Mzee Benard, mtu mzima aliyelinda maktaba ya chuo. Benard hakuwahi kuhamishwa, kwa kuwa wenye maktaba walimwomba kwa jina. Alisoma sana pale, na wakirudi alimgeukia Harun ndani ya basi.

"Zile sinema zako za bandari ya New York, nimesoma historia yake. Mambo ya miaka ya arobaini na hamsini. Makuli walisimama gatini asubuhi, nusu duara, mamia yao, na kazi ni za wachache. Msimamizi, mtu wa genge, anachagua kwa kidole. Aliyekubali kumkatia kipande cha mshahara alichomeka kijiti cha meno nyuma ya sikio, ili aonekane."

"Na asiyechomeka?"

"Alirudi nyumbani, watoto wakalala njaa. Wapo waliopiga kelele, wakapigwa risasi. Mmoja walimvizia kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, akienda kazini." Benard akamgusa bega. "Zile suti unazozisifia, Harun, zilishonwa kwa jasho la wale makuli. Nao hujawataja hata siku moja."

Harun aligeukia dirisha la basi. Masikio yalimwaka moto. Kumkasirikia Fabian kulikuwa rahisi. Kilichomuuma ni kwamba ule ubosi wote, mwendo na kauli, Fabian alifundishwa kila Ijumaa, bure, na yeye Harun.

Ijumaa iliyofuata Fabian alikaa mbele kama kawaida, soda mkononi. Filamu ikaanza. Bosi wa genge akashuka garini bandarini. Watu wakavuta pumzi, tayari kukohoa.

Harun akasimamisha picha.

"Huyu mnamjua," alisema. "Leo watazameni hawa nyuma yake." Akagonga ukutani, pale palipoonekana safu ya makuli waliokuwa wakipita kwa sekunde chache tu. "Huyu ana watoto wawili. Amesimamishwa juani wiki saba kwa sababu amekataa kutoa chai. Sasa figo zimeumia. Anaitwa nani?"

Hakuna aliyekohoa. Kisha mtu kule nyuma akasema, "Job."

"Sikusikia!"

"Job!" ukumbi ukaitika.

Fabian akasimama. "Simulia sinema, wewe. Hatukuja kuhutubiwa."

"Ndiyo hii naisimulia. Mwaka mzima nimeisimulia vibaya."

"Usinichezee, Harun. Nani alikuweka kwenye kiyoyozi?"

"Wewe! Na chai nilikupa, nasema mbele ya watu, nilikupa! Job yuko hospitalini kwa sababu mimi na hawa wote tulikubali kukupa!" Sauti yake, iliyozoea kuigiza hasira za wengine, ilipasuka. "Umelifanya jua fimbo ya kumpigia mtu, Fabian. Mtu wa kwenu!"

Fabian alimrushia kopo la soda kifuani, akatoka.

Kesho yake orodha ilisomwa: Harun, Al Wakrah. Akaenda. Lakini jioni hiyo Mzee Benard alitoa karatasi ya kumshtaki Fabian, na kabla ya chakula watu thelathini na wanne walikuwa wametia majina na sahihi. Hannah, Mkenya mwenzao aliyekuwa karani ofisini, aliipeleka mwenyewe mpaka mezani kwa meneja.

Siku kumi baadaye meneja aliwaita Harun na Benard. Aliisoma karatasi, akaisukuma kando.

"Nani aliruhusu sinema kambini?"

Harun alidhani hakusikia vizuri. "Bosi, mwenzetu alikaribia kufa."

"Hilo linashughulikiwa. Nimeuliza habari ya sinema."

Lilishughulikiwa hivi: Job alirudishwa Kenya akiwa bado mgonjwa. Filamu zikapigwa marufuku. Fabian akahamishiwa kambi nyingine, cheo chake kikiwa palepale. Supavaiza mpya alipanga jua kwa zamu, kila mtu wiki yake, kwa kuwa siku ya kwanza tu alielezwa kwamba karatasi ya pili iko tayari.

"Tumeshinda," Mzee Benard alimwambia Harun.

"Tumeshinda nini, Mzee?" Harun alipandisha sauti. "Kambi ile ina watu mia mbili. Nani amewaambia ni mtu gani wameletewa?"

Akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mlinzi mmoja Mganda aliyemfahamu huko.